Nani Alikuomba Ugawe Viatu?

Makanyagio,
Jumapili usiku

Stazia mwanangu,

Sikuulizi hali. Hali yako naisikia kutoka hapa nilipokaa: umelala chumba cha pili na mdogo wako Oliva, na unakoroma kama mtu asiye na anachokiacha nyuma. Mimi ndiye niliyekosa usingizi. Baba yako naye kalala, redio iko kifuani inaongea peke yake. Basi nimechukua daftari la Oliva la hesabu, nimechana karatasi za katikati, na kesho atanililia kwa hilo pia.

Asubuhi mumeo Jilala atakuja kukuchukua na mkokoteni. Mtaenda Litapunga kuungana na wazazi wake, na kutoka hapo watu, ng'ombe, mbuzi, kuku na masufuria mtaanza kushuka pamoja kuelekea bonde la Rukwa, mkisimama penye majani na kuondoka yakiisha. Ng'ombe hawaruhusiwi kukatiza hifadhini, kwa hiyo mtazunguka, na Mungu ndiye anayejua mtazunguka mpaka lini. Nyumba yako itakuwa ule mkokoteni wenye turubai juu. Wewe, mtoto uliyekuwa huwezi kwenda kisimani bila kubadilisha viatu! Nimelisema hili wiki nzima na naona nimelisema tena.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji wala za kujikinga na mbung'o. Mama mkwe wako anayajua hayo kuliko mimi, ametembea nyuma ya ng'ombe tangu Shinyanga. Ninaandika kwa sababu ya maneno niliyokutupia jana pale uani. Nilisema, "Haya nenda! Na ukichoka huko usije ukanililia mimi." Ukaninyamazia. Ungenijibu ningelala. Lakini wewe ni mtu wa kushika neno. Ulipokuwa mdogo niliwahi kukuambia kwa hasira usiguse chakula changu, ukakaa na njaa mpaka jioni na wali uko mezani umefunikwa. Ninachoogopa ni hicho tu, Stazia. Naogopa kwamba siku moja utachoka kweli, utalikumbuka neno la mama yako, na utabaki hukohuko unaumia kwa sababu unaona aibu kurudi.

Nitafika huko. Kwanza nimalize hasira zangu, maana hazijaisha.

Jana nimetoka gengeni, nimechoka, jua limenipiga, nakukuta uani umempangia Oliva viatu vyako vyote juu ya mkeka kama tuko mnadani. Vile vyeusi vya mchuchumio ulivyofungia ndoa. Vile vya kahawia vyenye bakoli za kufungia, ambavyo tulivitoa pamoja kwenye robota la mitumba na ukanisihi nisimwonyeshe mteja. Vile vyeupe ambavyo hata mimi nilikuwa nikivikodolea macho. Na wewe mwenyewe umesimama na katambuga za tairi miguuni, unatabasamu kama picha ya mtakatifu iliyotundikwa parokiani.

Nikakuuliza, "We Stazia, kuna nini hapa?"

Ukasema, "Mama, mimi sasa ni mtu wa msafara. Vitu hivi havina kazi tena."

Havina kazi tena! Mtu aliyesema hivyo ndiye yuleyule aliyekuwa akipita kwenye mchanga wa Makanyagio na visigino, anazama, anachomoa mguu, anazama, na hakubali kupanda keria ya baiskeli kwa sababu soli itakwaruzika. Nilikuwa nakusema sana kwa hilo, najua. Lakini moyoni nilikuwa najivunia. Wateja walikuwa wanakuja gengeni kwangu kuangalia miguu yako, wanaondoka wamenunua.

Hata Jilala alikuja hivyohivyo. Alitoka mnadani siku ile kuuza dume, akaja kutafuta koti, na wewe kwa kumtania ukamuuzia koti la kike, jekundu, lenye vifungo vikubwa. Akalivaa akaondoka ameridhika. Wiki iliyofuata akarudi nalo mwilini. Hakusema limembana wala hakusema wenzake wamemcheka. Alisimama mbali akatazama viatu vyako, halafu akanunua kitambaa cha mkononi ambacho hakukihitaji. Wiki nyingine kitambaa kingine. Nilijua kabla yako, mwanangu, kijana wa ng'ombe hana kazi na vitambaa vyote vile.

Kwa hiyo jana nilipoona viatu kwenye mkeka nilisema moja kwa moja, huyu Jilala ndiye kamwambia. Kamtaka akiwa na visigino, sasa kampata anamtaka pekupeku. Ndiyo maana leo mchana alipokuja kuchukua godoro nilimvizia. Unamjua mumeo huyo kwa adabu zake za Kisukuma, mbele yangu hanitazami usoni. Anageukia banda la kuku, na mimi naongea na kisogo chake, na kuku wananitazama kwa niaba yake. Nimechoka na adabu hiyo lakini ndiyo yake.

Nikamwambia, "Baba, nikuulize. Ni wewe uliyemwambia mwenzio agawe viatu?"

Akawaambia kuku, akiniita mama kwa Kisukuma, "Hapana, Mayu. Mimi nimevitengenezea sanduku. Liko kwenye mkokoteni, chini ya pale anapokaa. Nimeliwekea na mfuniko, vumbi lisiingie."

"Na yeye anajua?"

"Nilimwonyesha. Akasema sanduku tutie mahindi."

Nikamwacha na kuku wake. Nimeenda kuliangalia lile sanduku kwenye mkokoteni. Kalipiga randa mpaka ndani. Mtu anayechunga kutwa nzima, sijui alipata wapi muda huo.

Sasa nakuuliza wewe, Stazia. Nani alikuomba ugawe viatu? Mumeo hakukuomba. Wakwe hawakukuomba. Mimi ndiyo kabisa. Umejiomba mwenyewe, ukajikubalia mwenyewe, ukatabasamu. Na tabasamu lile nalijua, ndiyo maana lilinitia wazimu, kwa sababu nimewahi kulivaa.

Hukuwa umezaliwa. Nilitoka kwetu Mamba kuja kuolewa na baba yako, naye alikuwa kwenye genge la reli. Mshahara wake wa kwanza baada ya ndoa alishuka Tabora akaninunulia raizoni, vile viatu vya soli nene vya wakati ule, vya rangi ya asali. Alivileta kwenye treni amevifunga ndani ya shati lake, mwenyewe kakaa na fulana njia nzima na baridi yote ile. Wakati huo tulikuwa tunakaa kwa wazazi wake Litapunga, yeye anakuja mwisho wa mwezi na kuondoka.

Siku ya kwanza nilivivaa kwenda shamba. Nilitaka waone. Walikuwa wamemwagilia bustani, nikazama matopeni mpaka kifundo, nikaanguka na jembe na kila kitu. Wifi yangu Getruda alicheka mpaka akakaa chini. Unamjua shangazi yako, kicheko chake hicho kinafika Nsemulwa. Sasa kama ningekuwa na akili ningecheka naye, nivue, nikavioshe, nisubiri Jumapili. Mimi nikaenda nikavisafisha, na jioni mbele ya watu wote nikamkabidhi Getruda. Nikasema, "Chukua wifi. Mimi sasa ni mtu wa shamba."

Nilitegemea mama mkwe angesema, huyu ndiye mke. Alisema "Sawa" akaendelea kuchambua maharage.

Halafu ikaja Jumapili. Getruda alivaa raizoni zangu kanisani, akapita mbele kupokea komunyo, soli zinagonga sakafu, na mimi niko nyuma na kandambili, namchukia mpaka sala zikanipotea. Jumapili iliyofuata hivyohivyo. Vile viatu vilikuwa vigumu, mwanangu, havikuchakaa upesi. Baba yako aliporudi mwisho wa mwezi aliangalia miguu ya dada yake, akaangalia yangu. Akatoka akaenda kuangalia mihogo. Mihogo! Baba yako huyu!

Ningekuwa nimetoa na kusahau, isingekuwa neno. Lakini sikusahau. Nilitoa bila kuombwa, halafu nikamdai baba yako miaka. Akichelewa kurudi, viatu. Mboga ikiungua, viatu. Ulipougua surua, nilimwambia kwamba nimeacha hata viatu vyangu kwa ajili ya ukoo wenu na angalia ninachopata. Surua na viatu vina undugu gani? Alikuwa ananisikiliza tu. Siku moja akarudi kutoka Tabora na vingine, vizuri kuliko vya kwanza, na unajua nilifanya nini? Nikasema vimechelewa. Nikaviweka juu ya kabati mpaka panya wakala kamba zake. Ndivyo vile mlivyokuwa mnavichezea na Oliva, mnaburuza nyumba nzima mko uchi. Nikikuona unaviburuza nilikuwa natoka nje nisionekane uso.

Kwa hiyo ukitabasamu na katambuga zako mimi sioni utakatifu. Namwona Jilala miaka kumi ijayo, kachoka na ng'ombe, anasimangwa kwa viatu ambavyo alivichongea sanduku.

Nimemnyang'anya Oliva vile vyeusi. Vya kahawia na vyeupe abaki navyo, umeshampa na hatuwezi kumuua mtoto. Kalia sana. Alishavivaa misa ya leo kavijaza magazeti mbele, anatembea kama bata, na alishawaahidi wenzake kuvivaa tena. Vyeusi nimeviweka sandukuni mwenyewe. Sikuambii uvivae kukimbiza ndama. Hata usipovivaa kabisa, sawa. Siku ukivitamani, fungua sanduku uvitazame, useme kwa sauti, "Jamani navikumbuka viatu vyangu." Mumeo asikie. Mkicheka mcheke, ukilia ulie. Kuliko kukaa umebana meno unajifanya huna hamu ya kitu chochote duniani. Mtu asiye na hamu ya kitu anachosha sana kuishi naye. Muulize baba yako.

Na njaa useme, na uchovu useme. Na mkifika Mamba, ng'ombe wa mkweo wakaingia kwenye mpunga wa wajomba zako, usijifanye huelewi Kipimbwe chao. Wajomba zako watakuwa na haki na watatukana kwa haki, na wewe utakuwa katikati. Hapo sina ushauri. Nakuonea huruma tu.

Sasa nifike kwenye lile neno la jana.

Kuna kitu sijawahi kukuambia kwa sababu baba yako yuko hai na ni mtu mwema, na sikutaka umwangalie vibaya. Mwaka ule wewe ulipokuwa unaanza kutambaa nilichoka. Si kwa kupigwa, hajawahi kuniinulia mkono. Nilichoka tu, na upweke wa kule shamba, na Getruda, na mimi mwenyewe na hasira zangu. Nikakubeba mgongoni, nikapata lifti ya lori la mahindi, nikarudi kwetu Mamba. Babu yako alinipokea vizuri. Alinichinjia kuku, nikala, nikalala. Asubuhi akanikalisha akasema, "Mwanangu, mahari yako ndiyo kaka yako ameolea. Haipo. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga." Akanitafutia lori la kunirudisha siku ileile.

Nimeuchukia msemo ule mpaka leo. Maji yakiwa ya baridi mtu hutoka, akasubiri jua, akipenda akarudi. Lakini mimi sikuwa na pa kutokea. Kaka yangu alishaoa, wifi alikuwa na mimba, ningewafanyaje? Nikarudi Litapunga nikaendelea. Na baba yako akanipokea bila swali, akanibebea mzigo. Baadaye tukahamia mjini, nikaanza mitumba, mambo yakawa mazuri, nikampenda kweli. Lakini nilikaa naye miaka mingi sana bila kujua kama nakaa kwa kupenda au kwa kukosa pa kwenda. Nisingependa ulijue jambo hilo kwa kulipitia.

Unakumbuka siku walipoleta ng'ombe wa mahari yako. Mji mzima ulicheka. Ndugu za baba yako walidai ng'ombe kama wafugaji, na sisi hatuna hata zizi. Ng'ombe wakafika hapa uani, wakala matembele ya jirani yote, mmoja akaingiza kichwa dirishani kwa mwalimu, na dume lile jeusi likaanua shuka za watu kwenye kamba kwa pembe. Kesho yake nikawaambia akina Jilala wawarudishe kwenye kundi lao, watuchungie. Watu wakadhani nimezidiwa na kinyesi. Shangazi yako Getruda alikuja mara mbili kunisema. "Wifi, uza! Jenga nyumba ya tofali, weka bati. Wewe umepewa mahari halafu umewarudishia wenyewe wakae nayo? Wenzio wanakucheka." Nikamwambia nasubiri wazae. Kila aliyeniuliza nimemjibu hivyo, nasubiri wazae. Hata wewe nilikujibu hivyo, ukanitazama kama mtu aliyezeeka ghafla.

Sisubiri wazae, Stazia. Ng'ombe wale wako kwenye kundi la mkweo na kesho wanaondoka na ninyi, wote, hakuna aliyeuzwa wala kuchinjwa. Hakuna kaka yako aliyeolea, hakuna bati lililonunuliwa. Nimefanya hivyo makusudi. Siku ukiamka ukaona umechoka, na si uchovu wa safari bali ule mwingine, hakuna mtu atakayekuja hapa Makanyagio kudai mahari, kwa sababu mahari iko kwao tayari. Wabaki nayo. Wewe geuka uje. Baba yako anajua. Sikumwambia, lakini juzi Getruda alipoondoka hapa amenuna, alinitazama akasema, "Waache walipo," halafu akaongeza sauti ya redio.

Na kama hutachoka, vilevile ni vizuri. Nampenda kijana yule, ingawa mpaka leo sijawahi kuuona uso wake sawasawa. Nataka tu ukikaa naye ujue unakaa kwa kupenda. Kila asubuhi mtakapofunga turubai na kuondoka, ujue ungeweza kuja kwetu na umeamua kwenda naye.

Neno la jana lifute. Nililitoa kwa hasira, na hasira ilikuwa ya viatu. Njoo uchoke kwangu, njoo unililie mimi, njoo hata kama ni ugomvi wa chumvi, njoo na mtoto, njoo peke yako, mchana au usiku. Sitakuuliza kumetokea nini. Nitataka kuuliza, unanijua, lakini nitajiziba mdomo na kanga.

Jogoo wa jirani ameanza. Asubuhi nitakuwa mkali tena, nitakugombeza kwa godoro lilivyofungwa vibaya, nitamgombeza mumeo kwa kuchelewa. Usinisikilize. Nikianza kulia ndiyo kabisa usigeuke.

Na siku ukirudi, Stazia, usipige hodi.

Mama yako